Muda wa Nasadiki Moja

St. Paul, Minnesota
10 Januari 1988

Mjomba wangu Fidencio,

Nakusalimu wewe, namsalimu mkeo Mama Otilia, na magoti yake nayasalimu moja moja maana najua kila moja lina kesi yake. Huku sisi wazima, isipokuwa baridi. Nikisema baridi usifikirie ile ya mlimani kwetu mnayoikimbiza kwa shali. Juzi nilianika taulo nje, nikarudi nalo ndani limekakamaa kama ubao wa dirisha. Kazi ya hoteli inakwenda, vitanda havijawahi kuisha duniani.

Masomo ya Kiingereza pia yanakwenda, jioni, kwenye ukumbi wa kanisa. Darasani tuko watu wa Tlaxcala, wa Puebla, wa El Salvador, na mzee mmoja wa Kolombia anayekuja kusinzia. Wiki hizi mwalimu anatufundisha maneno ya muda: tangu, mpaka, kutwa nzima, kitambo, punde. Anatuuliza mmoja mmoja, "Umekaa hapa muda gani?" na hapo kila mtu anajibu bila kosa. Kisha anauliza, "Utakaa muda gani?" na darasa zima, kuanzia kiti cha mbele hadi kwa Mkolombia, linajibu, "Kitambo kidogo." Mwalimu alicheka, akasema anafundisha pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi na hajapata kusikia jibu lingine.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba, kaa kwanza. Yupo mtu. Anaitwa Lowell, anaendesha lori la kukusanya maziwa mashambani. Ni mrefu, ni mweupe mpaka jua linapita kwenye masikio yake, na maneno anayatumia kwa akiba. Anataka kunioa, nami nataka. Nimemwambia kwetu binti hatoki kwa mlango wa nyuma. Nilimwahidi marehemu mama kwamba sitaolewa bila baraka ya kaka yake, na ahadi ya marehemu haina wa kukufungulia. Usipotamka ndiyo, hakuna harusi. Lowell akasema sawa, ataenda kuomba mwenyewe. Atakuja mwezi wa tano, na padre wa hapa ametuwekea siku mwezi wa tisa.

Nina ombi moja tu kwako: usimzungushe.

Mpwa wako,
Casilda


Santa Úrsula, Tlaxcala
21 Februari 1988

Casilda, mpwa wangu,

Barua yako naona ilikuja kwa miguu, tena kwa miguu ya Otilia. Lakini imefika. Hapa hatujambo. Tanuri nimelipaka udongo mpya mdomoni na linavuta moto vizuri. Nguruwe wa Melquíades, compadre wangu wa ubatizo, aliingia ghalani akalala juu ya magunia ya unga, na compadre badala ya kuomba radhi akasema mnyama ana hamu ya kuwa mkate. Huyo huyo Melquíades ameniletea saa ya ukutani ili, kwa maneno yake, niingie karne hii. Nimeitundika kwenye banda la kuku. Mkate wangu mimi huiva kwa Nasadiki nne, ile sala ya imani, kama ulivyoiva kwa babu yako na kwa baba yake. Naziba mdomo wa tanuri, naanza "Nasadiki kwa Mungu", nikimaliza ya nne natoa. Hiyo saa yake haimjui mtakatifu hata mmoja.

Kuhusu mtu wa maziwa, nimesoma. Sijasema kitu.

Nasema desturi tu, maana naona baridi imekusahaulisha. Mtu haji kujiposea mwenyewe kama anayenunua mbuzi sokoni. Anatuma mshenga. Mshenga anakuja mara tatu. Mara ya kwanza anaambiwa arudi baadaye. Mara ya pili anapewa kikombe cha chokoleti na hapewi jibu. Mara ya tatu ndipo mwenye nyumba anatangaza muda wa kungoja. Baba yako alianza wakati wa mavuno na akajibiwa mavuno yaliyofuata, na wala hakufa kwa hilo.

Tena muda huo hutangazwa kwa kinywa cha mwenye nyumba. Sitasimama mlangoni pangu kama bubu nikisemewa na mkalimani. Kwa hiyo nimeanza kujifunza Kiingereza, maneno ya muda tu, mengine hayanihusu. Mwalimu wangu ni Melquíades, aliyekata saladi California miaka mingi.

Na wewe yule mwalimu wako hukumjibu, ulimkwepa. Uliondoka hapa ukisema mwaka mmoja, upate fedha za paa la mama yako urudi. Paa tulilitengeneza, na sasa limeanza kuvuja tena. Nakuuliza mimi, si yule mwalimu: utakaa huko muda gani?

Mjomba wako,
Fidencio Cuamatzi


St. Paul
27 Machi 1988

Mjomba,

Salamu kwenu nyote, na nguruwe mpe pole. Theluji imeanza kuyeyuka, mji mzima ni tope, na watu wa huku wanafurahia tope kama harusi.

Melquíades, mjomba? Katika watu wote wa Santa Úrsula? Kiingereza cha Melquíades ni cha mnyapara. Maneno yote ya muda anayoyajua alifokewa akiwa ameinama shambani. Nilipokuwa mdogo alikuwa akitusomea tukicheka: haraka haraka, dakika kumi kisha kazini, bado saa nzima, mpaka giza liingie, wewe ngoja hapo. Ukimpokea Lowell kwa hayo atadhani umemwajiri.

Nikueleze alivyo, usije ukamwonea. Ukimwambia saa tisa na nusu, yeye saa tisa na dakika ishirini yuko nje ndani ya gari lake, anatazama mbele, anangoja ile kumi iishe. Kwao neno la muda halichezewi. Nimemfundisha kwamba "sasa hivi" ya kwetu inaweza kuwa leo, kesho au kamwe, akanitazama kama niliyemwambia kwamba huko kwenu maji hupanda mlima. Mshenga hana. Nilipomweleza mshenga ni nani aliuliza kwa nini mtu mwingine aseme anachotaka yeye. Nimemweleza pia kuhusu tanuri na Nasadiki zako nne, na hilo ndilo jambo pekee la kwetu ambalo hakuliulizia swali.

Ana likizo ya siku kumi. Atafika tarehe ishirini na nne ya mwezi wa tano. Mimi siwezi kuja naye, karatasi zangu bado zimo mikononi mwa watu wa uhamiaji, nikitoka sirudi ndani. Nakuomba hizo safari tatu zibanwe ziingie katika siku kumi. Kipande cha mavuno mpaka mavuno hakitaingia, mjomba, hata ukikikunja.

Kuhusu swali lako, tutazungumza. Ni kitambo kidogo tu.

Casilda


Santa Úrsula
30 Aprili 1988

Casilda,

Hatujambo. Otilia anasema goti la kushoto limepata nafuu na la kulia limeona wivu.

Umemsema mwalimu wangu vibaya nami nikamsomea barua yako neno kwa neno. Akasema, "Mwambie Casilda kwamba kwa Kiingereza hicho nilijenga nyumba." Nimeona ana haki.

Masomo yanakwenda. Yeye anasimama juu ya gunia la unga, mikono kiunoni, anafoka. Mimi nakanda, narudia. Sasa nikisema kwa Kiingereza "mpaka giza liingie", mbwa anaondoka uani. Neno la "kitambo" nimelishika pia. Nilimuuliza ni muda gani hasa, akasema kwa mnyapara kitambo ni mpaka atakapokukumbuka.

Kubana hakuna. Mkate ukiutoa kwa Nasadiki mbili kwa sababu mteja ana haraka, unampa mteja unga wa moto. Likizo ni mambo yake na watu wake wa maziwa.

Na usinijibu kwa maneno ya darasani. Nilipokuuliza muda gani sikuwa najifunza Kiingereza.

Mjomba wako,
Fidencio


St. Paul
11 Mei 1988

Mjomba,

Sijui kama hii itafika kabla yake. Mama yake Lowell amewapikia mkate wa kuwaletea. Nimejaribu kumweleza kwamba anampelekea mwokaji mkate, akasema ndiyo maana ataujua ni mzuri. Upokeeni.

Jibu lako nitakupa. Si leo. Mpokee tu mtu wangu kwa wema.

Casilda


Santa Úrsula
26 Mei 1988

Casilda,

Salamu zitafuata baadaye, sasa nina hasira.

Mtu wako amefika. Alifika mapema, Otilia akiwa bado anafagia, akasimama ng'ambo ya barabara juani akimngoja amalize. Mshenga hana, kama ulivyosema. Nani kamleta? Melquíades, aliyemwona akishuka basi, akajitangaza kuwa mshenga wake papo hapo. Mwalimu wangu mimi! Nikamwambia compadre, huwezi kula huku na huku. Akasema mshenga mzuri ni yule aliyemfundisha mwenye nyumba la kujibu.

Akatoa mkate wa mama yake. Ni mwembamba, wa viazi, umekunjwa. Otilia aliushika, akaunusa, akasema, "Fidencio, hii ni tortilla kama chapati zetu za mahindi. Watu hawa ni watu." Nikamwambia anyamaze, tuko kwenye jambo.

Aliomba. Alisema sentensi moja ya Kihispania uliyomfundisha, akaisema vizuri. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimekusudia kusema kwamba ombi lake limesikika, na arudi baada ya muda, kama anavyoambiwa mtu yeyote mwenye heshima. Lakini mwalimu wangu hakuwahi kufundishwa maneno ya namna hiyo, maana hakuna aliyewahi kumwambia. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni nilichokuwa nacho. Nikasema kwa Kiingereza, "Wewe ngoja hapo. Kitambo."

Akauliza, kitambo ni muda gani. Nikaingia ndani nikafunga mlango, kama desturi inavyotaka.

Casilda, hakuondoka. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wangu, akaweka mkoba wake kando, na bado yuko hapo. Mtu wa kwetu akiambiwa arudi baadaye huenda zake, hunywa pombe, hulalamika kwa mama yake, ndivyo mambo yanavyokwenda. Huyu ananisalimu kila nikitoka. Usiku Melquíades humchukua akalale kwake, alfajiri yuko ngazini tena. Wanawake wanamletea tamale. Jana wateja walikuwa wengi kuliko siku ya Pasaka, wote wamekuja kutazama, na mke wa mpiga kengele akaniuliza mbele ya watu, "Don Fidencio, huyo uliyempanda mlangoni ataota lini?"

Sitapindisha desturi kwa sababu mtu hajui kuondoka.

Fidencio


St. Paul
31 Mei 1988

Mjomba mpendwa,

Lowell amenipigia simu kutoka dukani. Aliniuliza jambo moja tu: kitambo cha mjomba wako ni muda gani. Hakulalamika. Alisema chakula ni kizuri na kuna kuku mmoja anayemchukia.

Nikamwambia sijui. Nikakata simu, nikaketi kitandani nikalia, kwa sababu niliongopa. Najua. Kitambo chako ni mpaka mimi nikujibu. Umemweka mlangoni angoje jibu langu, hata kama hukukusudia.

Basi hili hapa. Sitarudi kukaa. Nitakuja kuwaona karatasi zikitoka, nitakuja na watoto Mungu akinipa, nitakuja kila nitakapoweza. Lakini kukaa nitakaa huku. Nimelijua hilo kwa muda mrefu. Kila barua nilitaka kuliandika nikaandika habari za theluji. Najua tanuri ulikuwa ukinitunzia. Hukuwahi kulisema, lakini ni nani mwingine aliyefundishwa kuchanganya ufuta akiwa amesimama juu ya kiti?

Nimeogopa kukuambia kwa sababu ulinilea, nami sina cha kukulipa zaidi ya kuwapo, na hicho ndicho ninachokunyima.

Ukisema hapana nitaelewa, na ahadi ya mama nitaitimiza. Ila mtu wangu mfungulie mlango.

Casilda


St. Paul
12 Juni 1988

Mjomba,

Lowell amerudi. Ameungua pua kwa jua, ana kovu la moto mkononi, na amebeba mkate wa sikukuu uliofungwa kwa kitambaa cha Mama Otilia. Nilikifungua. Mkate umeungua, mjomba. Juu ni mweusi kabisa. Wewe, ambaye hujapata kuunguza mkate tangu nizaliwe.

Nikamuuliza, amesema nini? Ndiyo au hapana? Akasema, "Ndiyo." Nikamuuliza, na muda wa kungoja? Akasema umekwisha. Nikamuuliza umekwishaje, na mbona mkate umeungua? Akaniambia, "Muulize mjomba wako." Tangu hapo kila nikimuuliza jibu ni hilo hilo. Mmemfanya nini? Aliondoka hapa mtu mweupe wa kawaida, amerudi Mtlaxcala anayejua kunyamaza.

Mama yake anauliza kama mkate wa viazi ulipendwa. Na mimi sijui kama ile barua yangu ya tarehe thelathini na moja imefika, au kama ndiyo iliyounguza mkate. Niandikie upesi.

Casilda


Santa Úrsula
9 Julai 1988

Casilda, mwanangu,

Nakusalimu kwa salamu zote, na zile nilizokunyima mwezi wa tano nimezijumlisha humu. Otilia hajambo. Mwambie mama yake Lowell kwamba mkate wake uliliwa wote, na Otilia ameficha kipande anachowaonyesha jirani kama masalia ya mtakatifu. Melquíades hajambo, anadai ada ya ushenga na ada ya ualimu, nami nimemwambia aikate kwenye unga uliolaliwa na nguruwe wake.

Barua zako mbili zimefika siku moja, wiki tatu baada ya mtu wako kuondoka. Kwa hiyo tulia. Si barua yako iliyounguza mkate. Nilikuwa nimeshajibu kabla hujaniambia. Sasa nitakueleza, maana naona yeye ametunza mdomo wake, na nimempenda zaidi kwa hilo.

Alikaa ngazini mpaka mvua ikaja. Otilia akatoka, akamshika mkono, akamwingiza kwenye kibanda cha tanuri bila kuniuliza. Ilikuwa mchana wa kuamkia Sikukuu ya Ekaristi na wewe unaijua siku hiyo: kijiji kizima kinataka mkate. Goti la Otilia lilikataa kazi. Melquíades alikuja kunisaidia, lakini alikuwa ameshaanza kusherehekea. Otilia akachukua lile bao refu la kutolea mikate, akampa huyo gringo wako. Mimi sikumwita, liandike hilo popote.

Nikaingiza mikate, nikaziba mdomo wa tanuri, nikaanza Nasadiki. Kifua changu siku hizi hakipendi moshi, sikukuambia kwa sababu hakuna cha kuambia. Nilipofika kwenye mateso kikohozi kikanishika, nikapoteza mahali. Kwa mwokaji hilo ni sawa na saa kusimama. Na katika ule ukimya nikasikia mtu ananung'unika nyuma yangu kwa Kiingereza. Nikafikiri anailaani bahati yake. Nikataka kugeuka nimfokee lile la mpaka giza liingie. Ndipo nikasikia katikati ya mnung'uniko wake jina la Ponsio Pilato.

Casilda, Pilato ni yule yule kwa lugha zote. Hakuna sala nyingine ambamo mtu huyo anatajwa ukiwa umesimama mbele ya tanuri. Nikajua mara moja alikuwa wapi: alikuwa ameichukua palepale nilipoiangusha na alikuwa akinibebea. Siku zile zote ngazini alikuwa akinisikia nikisali humu ndani kwa sauti, na yeye pia alinijua kwa Pilato. Mimi nilidhani watu wa kanisa lake la Kiprotestanti wana nyimbo tu. Kumbe wana Nasadiki nzima, haikupungua hata neno la mtume mmoja. Akafika Amina, akanitazama. Nikamwonyesha kidole: bado moja.

Ile ya nne aliisali peke yake, yote, mimi nikivuta pumzi. Tukatoa. Mkate mbichi, mweupe kama yeye. Watu wake wanaikimbiza sala ile kana kwamba kanisa linawaka moto. Otilia akasema labda ni baridi, wanataka kurudi nyumbani. Tukajaribu tena, na tena, mpaka tukapata kipimo: Nasadiki nne za kwetu ni sita za kwao. Baada ya hapo tulifanya kazi vizuri. Alijiunguza mkono, hakupiga kelele. Alitumwa kuni, akatumwa maji, akatumwa unga ghalani. Aliporudi na unga Otilia akajifuta mikono akasema kwa sauti ya kanisani, "Fidencio, mtu huyu ameingia kwa mlango wako mara tatu. Desturi inasema mara tatu. Haisemi siku."

Melquíades akaamka pale alipokuwa amelala, akasema kama mshenga anaafiki.

Basi nikasimama mbele yake, mimi na unga wangu na yeye na unga wake. Nilikuwa na swali moja na nililijua kwa Kiingereza, kwa sababu ndilo wakata saladi wote walilokuwa wakimuuliza mnyapara migongo ikiwauma. Nikamuuliza, "Muda gani?" Nilikuwa nauliza atakaa nawe huko muda gani, mtoto wangu ataniondokea kwa muda gani. Nilijua akitaka atanijibu kwa jibu lenu la darasani. Nilikuwa tayari kulipokea, maana nimelipokea kwako tangu paa lilipokuwa jipya.

Hakulisema. Alifikiri, nikaona masikio yake yanakuwa mekundu. Kisha akanijibu kwa maneno ya Kiingereza ambayo Melquíades hakunifundisha kamwe. Lakini nilikuwa nimeyasikia mchana kutwa mahali pale pale, mwisho kabisa, kabla tu ya Amina. Sikuhitaji mkalimani. Mahali hapo kwetu tunasema "milele".

Umeniandikia kwamba uliogopa. Mimi niliogopa kukuzidi. Tanuri nilikutunzia wewe, ni kweli, na sikulisema kwa sababu nikilisema ungerudi kwa kunihurumia, na mkate wa huruma hauumuki. Niliona afadhali kukuuliza muda gani, na kukuuliza tena, nikitumaini jibu litabadilika njiani kwa jinsi posta yetu ilivyo mbovu. Mtu wako alinieleza ukweli usoni mwangu kwa neno moja, na nilipousikia niliumia, kisha nikapumua. Tanuri litapata mtu. Mkwe wa Melquíades, Hermelinda, amekuja kuniuliza kuhusu ufuta. Ana mikono mizuri, na kelele nyingi.

Sasa mkate. Mwenye nyumba hana budi kutangaza muda wa kungoja, hilo sikuweza kulipindisha. Nikatangaza: Nasadiki moja. Otilia akashangilia. Melquíades akasema huo si muda, huo ni kikohozi. Nikasema ni Nasadiki moja, lakini ya kwangu, nami ndiye nitakayeisali. Ndani ya tanuri ulikuwamo mkate mmoja, ule mkubwa wa posa aliokuletea, na ulikuwa umebakiza Nasadiki hiyo hiyo moja uive.

Nikaanza. Nilisali polepole, nilimtaja kila mmoja kwa heshima yake. Kwenye "muumba wa mbingu na nchi" nikakuona umesimama juu ya kiti na ufuta kwenye nywele. Kwa Pilato nikakaa kitambo. Harufu ilibadilika, Otilia akanigusa bega, nikaendelea vilevile. Lowell aliushika ule mti wa bao na hakusogea. Yeye anajua mkate unavyonukia ukipita wakati wake, nilimfundisha mwenyewe siku ile ile, na aliniacha. Nilifika "uzima wa milele" moshi ukiwa unatoka pembeni ya kizibo, na pale nikasimama, mwanangu, kwa sababu sikutaka kusema Amina.

Mwishowe nikaisema.

Olewa kwa mlango wa mbele. Una baraka yangu na ya marehemu mama yako.

Mjomba wako,
Fidencio Cuamatzi

Otilia anasema uniulize kwa nini sikupika mwingine kabla hajaondoka. Nilipika, tukaula sisi. Ule ndio wako. Ukwangue juu kwa kisu, ndani haukuungua.